Unarudi Kwa Pool Baada ya Kukaa Nje? Hizi Ndizo Vitu za Kubeba, Zingine Ni Mbwembwe Tu

Wasee, wacha niwaambie venye niliaibika Jumapili moja pale Kayole.

Nilikuwa nimekaa miaka 2 bila kushika stiki. Siku niliamua kurudi kwa meza, sikutaka kurudi kifala. Nikaagiza stiki mpya mtandaoni, ile ya vipande 2, nyeusi na mistari ya dhahabu, 4,500. Nikaongeza glavu, keisi na choki ya bei. Nikaingia base, nikafungua hiyo keisi polepole ndio kila msee aone. Mbogi ikapiga nduru. Hata mtu wa kaunta alitoa macho kwa TV.

Alafu nikachapwa gemu 4 mfululizo na mzee wa kuuza mitumba.

Huyo mzee alikuwa anatumia stiki ya baa, ile imekwaruzwa hadi huwezi jua rangi yake ya kwanza ilikuwa gani. Kwa mfuko ya koti alikuwa na vitu 2 pekee: kipande cha choki na kitambaa. Gemu ya nne alisafisha meza yote mpaka nyeusi, mimi nimesimama tu kama mlinzi.

Nikameza kiburi nikamuuliza, "Mzee, shida yangu ni gani?"

Akashika stiki yangu, akaifunga jicho moja, akanirudishia. "Fimbo ni nzuri, kijana. Lakini si ya hizi mipira."

Hiyo sentensi ndio imenifanya niandike hii stori. Kama na wewe ulikuwa umeachana na pool ju ya kazi, mtoto, masomo ama kusota tu, na saa hii unataka kurudi, usifanye venye nilifanya. Anza na vitu ndogo. Hii ndio rada, kuanzia ya muhimu kabisa.

1. Choki yako mwenyewe

Choki ya baa huwa imechimbwa shimo katikati ka kikombe, ama imepotea, ama iko kwa mfuko ya msee ameenda choo. Nunua yako. Mimi nililipa chwani, na ndio kitu ya bei rahisi itabadilisha gemu yako haraka.

Kazi yake ni msuguano. Mpira ni laini na unateleza, na ncha ya stiki ni ngozi. Ukigonga mpira pembeni ya katikati bila choki, ncha inateleza, unasikia "tak!", waiti inaenda kusalimia watu wa meza ingine. Choki inafanya ngozi ishike mpira kwa ile nukta ya sekunde zinagusana.

Na kwa taarifa yako, hii si chaki ya mwalimu. Choki ya kisasa ya pool ilisajiliwa kama uvumbuzi huko Marekani mwaka wa 1897 na mchezaji William Spinks pamoja na mkemia William Hoskins. Walichanganya vumbi la silika na vitu zingine za kukwaruza, ju chaki ya kawaida ilikuwa inaharibu vitambaa vya meza na haishiki poa.

Venye unapaka ndio muhimu. Usiweke choki juu ya ncha uanze kuzungusha ka unachimba kisima. Ipake kwa kufuta, polepole, mpaka ncha yote ifunikwe, hata pembeni. Fanya hivo kabla ya kila shoti, si ukishateleza. Na usipakie juu ya meza. Geuka kando, vumbi ianguke chini.

2. Angalia ncha, hata kama stiki ni ya baa

Ile ngozi ndogo kwa mwisho wa stiki, wengi tunaiita tipu, ndio kitu pekee inagusa mpira. Stiki inaweza kuwa ya ngiri kumi, lakini tipu ikiwa imekufa, umekufa pia.

Ukichagua stiki ya baa, usiangalie rangi. Angalia vitu 3. Kwanza, tipu iwe na umbo la kuba, mviringo ka ukingo wa sarafu ndogo. Ikiwa flati ka meza, itakuwa ngori kupiga spini. Pili, isiwe imefura ikatoka nje ya mbao ka uyoga. Tatu, isiwe imekauka hadi inang'aa, ju ikingang'aa haishiki choki.

Beba kipande kidogo cha msasa kwa wallet. Ikiwa tipu inang'aa, iguse kidogo tu, ikwaruzike, alafu paka choki. Kama stiki ni ya base, omba ruhusa kwanza. Na msasa ni wa ngozi pekee, usiguse mbao. Kuna wasee wanapiga msasa stiki nzima ndio iteleze poa. Kila mara ukifanya hivo unapunguza unene wa mbao, na hairudi.

Ukinunua stiki yako, utakutana na tipu laini, za kati na ngumu. Laini inashika choki na spini poa lakini inachakaa na kufura mapema. Ngumu inadumu lakini inateleza haraka ukisahau choki. Msee anarudi, chukua ya kati. Usijitese.

3. Kitambaa

Hiki ndio kile mzee alikuwa nacho na mimi nilikuwa nimekipuuza. Kitambaa kidogo cha kufuta, ka zile za kusafisha miwani ama skrini.

Baa zetu ni moto, kuna mafuta ya choma, kuna soda imemwagika. Hiyo yote inaenda kwa mkono, mkono inaenda kwa stiki, ikichanganyika na vumbi ya choki inakuwa gundi. Stiki inaanza kukwama kwa vidole katikati ya shoti, na wewe unadhani umesahau kucheza. Hujasahau. Uko na uchafu.

Nawa mikono, kausha, futa stiki kila baada ya gemu 2 ama 3. Kama umekula mutura hapo nje, nawa mara 2.

4. Glavu, kama unatoka jasho

Watu huchekelea glavu, lakini iko na kazi. Huwa ni ya vidole 3, inavaliwa kwa mkono wa daraja, yaani ule unashikilia stiki mbele mezani. Kama unapiga na kulia, glavu ni ya kushoto. Nilionaga msee ameivaa upande mbaya jioni nzima, hakuna mtu alimwambia.

Kama unazungushia kidole juu ya stiki, glavu itakusaidia sana siku ya joto. Kama unaweka stiki tu juu kati ya kidole gumba na cha kwanza, huihitaji vile. Poda ya mtoto ni njia ya zamani lakini inachafua kitambaa cha meza, na mwenye meza akikupata atakufukuza na haki yake.

5. Stiki yako. Lakini pima mpira kwanza!

Sasa hapa ndipo nilichoma. Mipira za pool si saizi moja dunia nzima. Zile za mtindo wa Marekani ni milimita 57. Za mtindo wa Uingereza ni kama milimita 51, na kwa meza nyingi za coin waiti huwa ndogo kidogo kuliko zingine. Meza inahitaji kujua waiti ndio iirudishe na kufungia zingine ndani, so inatumia hiyo tofauti ya saizi, ama chuma na sumaku.

Stiki zinafuata mipira. Ya Kimarekani ina tipu ya karibu milimita 13. Ya Kiingereza ni nyembamba, milimita 8 hadi 10. Yangu ilikuwa 13, na mipira za base yetu ni zile ndogo. Ncha nene kwa mpira mdogo inakuficha katikati ya mpira. Unadhani unagonga katikati, kumbe umegusa pembeni, waiti inaanza kuzunguka bila wewe kuitisha. Kutoka mbali, hiyo tofauti ndogo inakupeleka nje ya shimo.

So enda base yako na ruler, ama weka mpira kando ya kitu unajua upana wake. Hakikisha umepima waiti na mpira wa rangi, zote 2. Ukishajua, ndio unatafuta stiki.

Uzito, nyingi za mtindo wa Kimarekani ziko kati ya gramu 510 na 600. Kama hujui unapenda gani, anza karibu na 540. Urefu wa kawaida ni sentimita 147 hivi. Kama meza yenu imesukumwa kwa ukuta, na wengi wetu tunajua hiyo maisha, uliza kama base iko na stiki fupi ya pembeni kabla ulaumu yako.

Kuangalia kama imenyooka, ishike ka bunduki, funga jicho moja, tazama kutoka nyuma hadi mbele huku ukiizungusha polepole. Kuibiringisha kwa meza inasaidia kidogo, lakini meza ikiwa imelala upande itakudanganya. Kama ni ya vipande 2, funga skrubu uangalie hakuna nafasi inabaki katikati, alafu igonge kidogo na kiganja. Ikilia ka kitu imelegea, rudisha. Ndio maana kununua ukiwa hapo dukani ni poa kuliko picha. Mimi nilinunua picha.

Na ushauri wa bure: ngoja mwezi mmoja kabla ununue. Ukirudi, mkono bado hauko sawa, hujui unapenda uzito gani. Cheza na za baa kwanza, pata yenye inakuingia, alafu tafuta inayofanana nayo.

6. Keisi, kama tayari uko na stiki

Mbao haipendi joto wala unyevu. Ukiiacha kwa gari imeanikwa juani, ama umeiegemeza kwa kona ya keja miezi 3, inapinda. Keisi inazuia pia kugongwa kwa mat ama kwa nduthi. Haihitaji kuwa ya ngozi. Ngumu ndani, basi. Nyumbani ilaze flati ama isimamishe wima kabisa, si ya kuegemea.

7. Vitu za kuachana nazo

Stiki ya kuvunja gemu pekee, stiki ya kurusha mpira hewani, taa za leza za kulenga, choki ya bei ya lanchi ya wiki. Za kuvunja na kurusha ziko na kazi yake kwa wachezaji wa mashindano. Wewe umetoka likizo. Kwa base nyingi ukijaribu kurusha mpira juu ya ingine, kitambaa kikichanika, utalipa meza.

8. Kitu ya mwisho haiuzwi kwa duka la michezo

Sikuacha pool ju nilichoka. Niliacha ju nilikuwa chuo, semesta ya tatu, mathe akatuma fee kwa simu, na hiyo jioni nikaenda base. Tulianza kuwekeana soo. Nikapoteza, nikaongeza punch ndio nirudishe. Nikashinda moja. Hiyo moja ndio iliniua. Kufika usiku sikuwa na fee, na sikuwa na stori ya kumwambia mathe. Kuna mambo mengine pia yalinitoa chuo, siwezi kulaumu meza pekee. Lakini sikurudi darasani, na miaka 2 sikuweza kusikia mipira zikigongana bila tumbo kukaza.

So saa hii niko na kifaa kimoja sitoki bila hicho: kile kibeti kidogo cha zipu cha kuweka coins. Kwa base yetu gemu ni mbao. Nabadilisha soo mbili kuwa mbao 10 kwa duka kabla niingie. Hizo ndizo gemu zangu. Simu inabaki keja. Msee akisema tuweke kitu, namwonyesha kibeti. Zikiisha, nafunga keisi.

Ukikuwanga na ugonjwa ka wangu, nunua hicho kabla ya choki.

Stiki ya 4,500 niliuza kwa msee anachezea mahali kuna mipira kubwa. Nilipata 3,000, nikatafuta ingine nyembamba, ya kawaida, haina dhahabu. Mzee wa mitumba bado ananichapa, lakini siku hizi anatoa jasho kidogo. Wiki iliyopita nilimtoa gemu moja, akanisalimia kwa mkono mbele ya watu.

Hiyo siku nilipitia kwa mathe nikiwa na keisi mgongoni. Akaiangalia, akajua ni nini. Hakuuliza nani alishinda.

"Umebaki na ngapi?"

Nikafungua kibeti. Zilikuwa mbao 3. Akazihesabu, akanirudishia, akaenda kuniwekea chakula.