Picha ya Chapa si Fotokopi

Juma hili nazungumzia sanaa ambayo wengi wetu huipita dukani bila kuitazama: picha za chapa.

Mnunuzi akiona chini ya picha pameandikwa kwa penseli 3/25, husema, "Kumbe ziko nyingi! Hii ni fotokopi." Kisha hutaka apunguziwe bei mpaka msanii akose hata nauli. Huko ni kutoielewa kazi. Namba hiyo maana yake ni kwamba zimetolewa picha 25 tu, na hii ni ya tatu.

Msanii huchonga ubao kinyumenyume, kulia kuwe kushoto. Palipochongwa hubaki peupe. Palipoachwa hupakwa wino, kisha karatasi hukandamizwa juu yake. Wengine hutumia bamba la shaba au zinki. Hulipaka nta, wakachora kwa sindano, halafu tindikali ikala mistari ile ili wino uingie. Kila karatasi hutolewa peke yake, kwa wino mpya.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Mimi sikubali. Wachina walikwisha kuchapa kitabu kwa mbao mwaka 868, Ulaya ikafuata baadaye. Ufundi hauna kabila.

Mtazameni marehemu George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005. Alianza kwa kuchonga vinyago. Katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, akatumia bamba na tindikali. Lakini waliotokea kwenye karatasi ni mashetani wale wale wa Kimakonde, masikio makubwa, wakicheka na kucheza. Kule Nigeria, bamba la Bruce Onobrakpeya liliharibiwa na tindikali mwaka 1967. Akaliziba kwa gundi, na hapo akapata njia yake mwenyewe ya kuchapa ngano za watu wake, Waurhobo.

Hapa Arusha, fundi wa Engutoto anayechonga maua kwenye kitanda tayari ana mkono unaotakiwa. Kinyago cha mpingo huuzwa mara moja, na mti wenyewe unaadimika. Ubao mmoja wa kawaida hutoa picha 25, ambazo mtalii huzikunja mkobani bila taabu.

Anachokosa fundi huyo ni mnunuzi wa kwetu anayejua anachonunua. Basi ukiona namba ya penseli, uliza kwanza nani kachonga ubao. Habari za kupunguziwa zifuate baadaye.