Mchagua Jembe Si Mkulima? Akina Mama na Magitaa ya Besi ya Zamani

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, tunapoisikiliza bendi ya dansi, sikio hukimbilia kwanza sauti ya mwimbaji, kisha hulifuata gitaa la solo. Ni wachache wetu wanaotega sikio chini zaidi, mahali ambapo gitaa la besi hutembea taratibu na kuushikilia wimbo mzima kama msingi ushikiliavyo nyumba. Hata hivyo besi ikinyamaza, kila mchezaji aliyeko uwanjani hutambua mara moja, kwa kuwa miguu hupotea njia.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ya kushika msingi imehesabiwa kuwa ni kazi ya wanaume. Mwanamke alipewa nafasi ya kuimba na kucheza, lakini gitaa, na hasa lile refu lenye nyuzi nne nene, liliachwa mikononi mwa kaka zake. Sababu iliyotolewa mara kwa mara ni kwamba mkono wa mwanamke ni mdogo na nguvu zake ni haba. Katika makala hii tutawatazama baadhi ya akina mama walioivunja kauli hiyo, tutazame na vyombo walivyovichagua, kwani vyombo hivyo ambavyo zamani vilikuwa zana za kawaida za kazi, leo vinatafutwa na wakusanyaji kwa fedha nyingi mno.

CHOMBO KILIVYOZALIWA

Kabla ya mwaka 1951, mwanamuziki wa besi alilazimika kubeba ile besi kubwa ya kusimama, ambayo humpita mtu mzima kwa urefu. Haikuwa rahisi kuipakia garini, na ngoma na tarumbeta zilipopamba moto sauti yake ilimezwa. Mwaka huo fundi mmoja wa redio kutoka Fullerton, jimbo la California nchini Marekani, aitwaye Leo Fender, alitoa gitaa la besi la umeme alilolipa jina la Precision. Lilikuwa na mwili wa ubao mtupu usio na uvungu, nyuzi nne, na sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Shingoni lilitiwa vijiti vya chuma, ili mpigaji apate noti iliyo sahihi bila kubahatisha. Jina lake lilitokana na usahihi huo.

Urefu wa uzi unaotikisika katika gitaa hilo ni inchi 34, yaani karibu sentimita 86. Mwaka 1960 Fender alileta besi ya pili, Jazz, yenye urefu ule ule lakini shingo nyembamba zaidi kule juu karibu na vigingi: milimita 38 hivi, badala ya 44 za Precision. Mwaka 1966 ikafuata Mustang, besi fupi ya inchi 30, sawa na sentimita 76. Huko Ujerumani kampuni ya Höfner nayo ilitengeneza besi fupi zenye uvungu ndani, nyepesi kuzibeba begani usiku kucha. Tafadhali, msomaji, vishike vipimo hivi, maana ndani yake mna jibu la ile hoja ya mkono mdogo.

MAMA ALIYEFUATA RIZIKI

Carol Kaye alizaliwa mwaka 1935 katika mji wa Everett, jimbo la Washington, akakulia California. Tangu ujana wake alipiga gitaa la kawaida katika vilabu vya jazi, na baadaye akaanza kuitwa katika studio za Los Angeles kuwasindikiza waimbaji. Alikuwa na watoto wa kulea, na kazi ya studio ililipa vizuri kuliko ile ya vilabu.

Siku moja ya mwaka 1963 mpiga besi aliyetarajiwa studioni hakutokea. Mama huyu akaombwa ashike besi ili kazi isilale. Aliishika, na hakuiachia tena. Mwenyewe ameeleza kwamba mpiga gitaa alitakiwa kufika studioni na magitaa kadhaa ya aina mbalimbali, ilhali mpiga besi alibeba moja tu. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake alishiriki katika vikao vya kurekodi vipatavyo 10,000, na miongoni mwa kazi hizo imo sahani ya Beach Boys iitwayo Pet Sounds, ya mwaka 1966. Mwaka 1969 alitoa kitabu cha kufundishia upigaji wa besi, na wanaume wengi walijifunza kwacho.

Chombo chake kilikuwa ni Precision ile ile ndefu ya inchi 34. Alipiga kwa kipande kigumu cha kucharazia badala ya vidole, na juu ya nyuzi alilaza kipande cha kitambaa kizito ili sauti isivume kupita kiasi, ikawa fupi na safi. Tazama basi jinsi ustadi ulivyotokana na kitambaa na akili, bila kutegemea umri wa gitaa. Kwake gitaa lilikuwa ni jembe la kulimia. Mwaka 2025 lilipotajwa jina lake kwa ajili ya heshima ya Jumba la Kumbukumbu la Rock and Roll la Marekani, aliikataa, akieleza kwamba heshima hiyo haionyeshi kazi halisi ya wanamuziki wa studio.

ZAWADI YA BABA

Mwaka 1964, katika mji wa Detroit, mwanamuziki Art Quatro alimkabidhi binti yake Suzi besi ya Precision iliyotengenezwa mwaka 1957. Binti alikuwa na umri wa miaka 14 hivi, na katika bendi ya wasichana iliyokuwa ikiundwa pamoja na dada yake, fungu lililomwangukia yeye lilikuwa besi. Siku hiyo gitaa lile halikuwa la kale hata kidogo. Lilikuwa na miaka saba tu, kitu kilichokwisha kutumika kama baiskeli ya mtumba. Leo Precision ya mwaka 1957 ni lulu ya wakusanyaji.

Suzi Quatro alihamia Uingereza mwaka 1971, na mwaka 1973 wimbo wake Can the Can ulishika nafasi ya kwanza nchini humo. Watazamaji walimwona mwanamke wa kimo kifupi akiwa mbele ya bendi ya wanaume, akiimba huku besi ndefu ikining'inia kifuani pake. Baba yake hakuupima kwanza mkono wa binti ndipo atoe zawadi. Alimpa chombo, na mkono ukajifunza.

Mbegu hiyo iliota mbali. Miongoni mwa vijana waliokutana katika chuo cha sanaa cha Rhode Island alikuwamo Tina Weymouth. Mwenzake Chris Frantz, ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, alimhimiza ajifunze besi kwa kusikiliza sahani za Suzi Quatro. Mwaka 1975 bendi yao, Talking Heads, ilianza kupiga hadharani mjini New York. Bibi Weymouth hakujifungia kwenye besi ndefu. Alitumia Mustang ya inchi 30, na pia Höfner yenye uvungu. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba muziki wake ulipungua kwa zile sentimita 10.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya Marekani peke yake. Nchini Guinea, mwaka 1961, askari wanawake wa jandamaria waliunda bendi iliyokuja kujulikana kwa jina la Les Amazones de Guinée. Wanawake hao walishika wenyewe magitaa ya umeme, besi ikiwamo, pamoja na ngoma na saksafoni. Mwaka 1977 walipiga katika tamasha kubwa la sanaa za Waafrika mjini Lagos, na mwaka 1983 walirekodi sahani yao mjini Paris.

KWA NINI MAGITAA YA KALE YANATAFUTWA

Mwezi wa Januari 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Wakusanyaji huitumia siku hiyo kama mpaka. Magitaa yaliyotengenezwa kabla yake huhesabiwa kuwa ni ya mkono wa bwana mwenyewe, na yaliyofuata ni ya kiwanda kikubwa. Kauli hiyo ina ukweli, lakini pia imetiwa chumvi. Kabla ya mwaka 1965 ziko besi zilizotoka kiwandani na kasoro, na baada yake ziko nyingi zilizo imara. Hata hivyo soko limekwisha kata hukumu. Chombo kilichouzwa karibu dola 200 kilipozaliwa, leo kikiwa katika hali yake ya asili huvuka dola 10,000.

Palipo na fedha nyingi hapakosi udanganyifu. Mama anayetaka kununua besi ya kale yampasa aikague kama mnunuzi wa ng'ombe akaguavyo meno.

Kwanza, aitazame shingo kwa jicho moja kutoka kichwani hadi kwenye mwili. Shingo iliyopinda kidogo hurekebishwa kwa fito ya chuma iliyomo ndani yake, bali iliyopindika kama utambi ni hasara. Pili, avitazame vijiti vya chuma kama vimelika. Tatu, asiitegemee namba iliyopigwa kwenye bati la nyuma, kwa sababu mabati hayo hayakufungwa kwa mpangilio. Afadhali shingo ifunguliwe, kwani mafundi waliandika au kupiga muhuri wa tarehe kwenye kitako chake. Vifundo vya kurekebishia sauti navyo vina tarakimu zake. Penye 304 6619, kwa mfano, 304 ni alama ya mtengenezaji, 66 ni mwaka, na 19 ni wiki ya mwaka huo. Kifundo cha mwaka 1966 ndani ya gitaa linalodaiwa kuwa la mwaka 1962 ni shahidi wa kutosha kwamba kuna kilichobadilishwa.

Nne, autazame mti wenyewe. Besi nyingi za Fender za tangu mwaka 1959 hadi katikati ya miaka ya sitini zilitiwa juu ya shingo ubao mweusi wa Brazil, ambao ni wa jamii moja na mpingo wetu. Tangu mwaka 1992 biashara ya mti huo baina ya nchi na nchi imewekewa masharti makali, ili usitoweke kabisa. Kwa hiyo gitaa la namna hiyo halivuki mpaka kama mzigo wa kawaida, bali huhitaji hati zake. Sisi tunaouona mpingo ukikatwa kila siku kwa ajili ya vinyago na mabomba ya klarineti tunaweza kulielewa jambo hilo upesi.

LA KUPIGA AU LA KUTUNGIKA?

Hapa ndipo yatupasa kusimama na kujiuliza. Gitaa linalolindwa ndani ya kabati la kioo, nyuzi zimetulia na mwenyewe akiogopa hata kulifuta vumbi, je, bado ni gitaa? Bei ikipanda namna hii, chombo huhama kutoka mikono ya wapigaji kwenda mikono ya matajiri. Mama mwenye hali kama ile ya Carol Kaye mwaka 1963, mwenye watoto wa kulisha, hawezi leo kuinunua besi ya mwaka huo.

Lakini iko njia. Besi ya kale iliyopakwa rangi upya hupoteza kiasi kikubwa cha bei yake, mara nyingi karibu nusu, kwa kuwa mkusanyaji huitaka rangi ya kiwandani hata kama imebabuka. Mpigaji anayeisikiliza kwa makini hatapata tofauti ya kumkosesha usingizi. Basi mama anayetaka kupiga na ainunue hiyo, amwachie mkusanyaji rangi yake. Na asiyeweza hata hiyo, vipimo vya Leo Fender havikufa naye mwaka 1991. Besi mpya za bei nafuu hutengenezwa kwa inchi zile zile 34 na zile zile 30.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Carol Kaye alilithibitisha neno hilo, maana alilima kwa jembe lililokuwapo. Tina Weymouth ametuonyesha upande wa pili, kwamba mkulima anayejua kazi yake ana haki ya kutafuta mpini unaoujaza mkono wake vizuri. Anayekatazwa na wahenga ni yule anayechagua majembe mwaka mzima na shamba likaota magugu.

Basi, ndugu msomaji, binti yako akija siku moja akakwambia kwamba anataka kupiga besi, usiuangalie mkono wake. Mtafutie gitaa, la zamani au jipya, refu au fupi, mradi shingo imenyooka. Mkalishe nalo, mwambie ajaribu yote mawili, achague lile ambalo bega halichoki kulibeba. Kisha mwachie nafasi ya kufanya mazoezi, na ndugu zake wa kiume wasaidie kuosha vyombo jioni hiyo.