Utumbo Wenye Hamaki Safarini

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, walimu wengi wa bara huteremka pwani, wengine kwa semina, wengine kwa harusi za jamaa, na wengine kwa ajili ya kupunga upepo tu. Katika kila kundi la namna hii hapakosi mtu mmoja ambaye husafiri na biskuti zake mkobani, na ambaye wenzake wakiketi kula biriani yeye huagiza chupa ya maji na kudai kwamba ameshiba. Wenzake humdhania kuwa ana maringo, au ubahili, au anakiogopa chakula cha watu. Aghalabu mtu huyo hana lolote katika hayo. Ana tumbo ambalo halimpi ruhusa, na hana maneno ya kulieleza.

Huko kukosa maneno ndiko kulikonivuta kuandika. Kazi yangu ni isimu wala si utabibu, na mambo ya kitabibu nitakayoyataja ni yale ambayo madaktari wenyewe wameyaafiki. Lakini naamini kwamba sehemu kubwa ya taabu ya mgonjwa huyu awapo hotelini ni taabu ya lugha.

Ugonjwa wenyewe hujulikana kwa herufi tatu za Kiingereza, IBS, na jina hilo likifasiriwa ni utumbo mwepesi wa kukasirika. Sina idhini ya kubuni istilahi za tiba, ila katika makala haya nitauita utumbo wenye hamaki, maadamu hamaki ni ile hasira inayozuka ghafla pasi na sababu ya kutosha. Kwa mujibu wa vigezo vya mwaka 2016, ambavyo huitwa vigezo vya Roma, mgonjwa ni yule ambaye katika miezi 3 iliyopita ameumwa na tumbo kwa wastani wa angalau siku moja kila juma, maumivu hayo yakiambatana na angalau mawili kati ya mambo haya matatu: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za msalani, na kubadilika kwa umbo la choo. Dalili hizo sharti ziwe zilianza miezi 6 au zaidi kabla ya hapo. Baadhi ya wagonjwa huhara, wengine hufunga choo, na wengine hupatwa na yote mawili kwa zamu. Utumbo ukichunguzwa huonekana mzima. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, na uliohusisha nchi 33, ulikadiria kwamba vigezo hivyo huwapata watu wapatao 4 katika kila 100. Kwa hesabu hiyo basi la abiria 50 huenda limebeba wawili.

Zamani mgonjwa wa namna hii aliambiwa kwamba maradhi yake yamo kichwani tu. Siku hizi wataalamu huyaweka katika kundi la maradhi ya mawasiliano baina ya utumbo na ubongo. Maelezo hayo yana ladha kwa mwanaisimu: gesi ambayo katika tumbo la mtu mwingine ni mnong'ono, katika tumbo la huyu husikika kama ukelele. Ujumbe ni uleule. Masikio ya mishipa ya fahamu ndiyo yaliyo makali mno. Wasiwasi nao huyazidisha makali hayo, na safari haikosi wasiwasi.

Sasa tuje kwenye lugha. Wanafunzi wa fasihi wanaijua tasfida, ile adabu ya kulifunika neno zito kwa neno jepesi. Katika suala la choo Kiswahili kimejaa tasfida: kwenda haja, kwenda msalani, kujisaidia, kuendesha. Ni adabu njema, na sina nia ya kuivunja. Hata hivyo ina gharama yake. Mtu akisema "naumwa na tumbo", msikilizaji hajui kama ni kiungulia, chango, hedhi, kuvimbiwa au kuhara, na kwa kuwa kuuliza zaidi ni utovu wa adabu, mazungumzo hukomea kwenye "pole". Waingereza pia wanalo tatizo hili. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Bristol walichapisha jedwali la maumbo 7 ya choo, kuanzia vigololi vikavu hadi maji matupu, na tangu hapo mgonjwa anaweza kuonyesha kwa kidole tu bila kutamka lolote. Mhudumu wa hoteli, kwa bahati mbaya, hana jedwali la kuonyeshwa.

Ili mtu ajue la kumwambia mhudumu, hana budi kujua kwanza kinachomdhuru. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, Australia, walionyesha kwamba kuna aina fulani za sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba huzifyonza kwa shida. Huzikusanya chini ya jina FODMAP. Sukari hizo huvuta maji, kisha huteremka hadi utumbo mpana ambako vijidudu huzichachusha na kutoa gesi. Zimo katika kitunguu maji, kitunguu saumu, ngano, maharagwe na jamii yake, maziwa, asali, tikitimaji na embe lililoiva. Lishe ya kuziepuka haikusudiwi kuwa ya maisha. Hufuatwa kwa majuma kati ya 2 na 6, kisha vyakula hurudishwa kimoja kimoja ili mtu amjue adui yake hasa. Kazi hiyo ifanyiwe nyumbani, ikiwezekana kwa uangalizi wa mtaalamu wa lishe. Likizo si wakati wa majaribio.

Hebu basi tukitazame kiamshakinywa cha Mombasa. Mahamri ni unga wa ngano, mbaazi ni ndugu wa maharagwe, na chai ya maziwa ina laktosi, sukari ambayo watu wazima wengi wa Afrika Mashariki humeng'enya kwa shida. (Jamii kadhaa za wafugaji zina nafuu hapa: mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walibainisha mabadiliko ya kijeni yanayowawezesha wengi wao kunywa maziwa ukubwani bila dhara.) Kwa utumbo wenye hamaki meza hiyo tamu ni mitego mitatu. Lakini pwani hiyohiyo ina mkate wa kumimina na vibibi, ambavyo hupikwa kwa mchele, ina muhogo wa kuchemsha, ina mayai na ina chai ya rangi. Tui limo katika baadhi ya vyakula hivyo, na kwa wengi tui kidogo halina neno. Taabu huja linapokuwa bakuli zima, kwa sababu mafuta mengi huuchochea utumbo.

Mchana hali ni hiyohiyo. Biriani hubeba vitunguu vya kukaanga kwa wingi, saumu na mtindi. Pilau haina mtindi lakini vitunguu vimo. Wala haisaidii kuvitoa vipande na kuviweka kandoni mwa sahani, maana ile sukari ya kitunguu huyeyuka katika maji, na maji hayo yamekwisha kunyweka ndani ya mchele. Ajabu ni kwamba sukari hiyo haiyeyuki katika mafuta, hivyo mafuta yaliyokaangiwa saumu kisha yakachujwa huacha ladha bila dhara. Wali mweupe, ugali wa mahindi, viazi, samaki wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, mchicha na sukuma wiki isiyotiwa kitunguu: hivi kwa kawaida ni salama. Katika matunda, chungwa, papai, nanasi au ndizi ambayo haijaiva sana, kwa kiasi. Sahani mbili ndogo zenye mwanya kati yake ni afadhali kuliko sahani moja iliyofurika.

Aidha, mgonjwa hukosea mara nyingi katika kutafuta mkosaji. Akila samaki saa saba na tumbo likamkimbiza saa saba na nusu, humlaumu samaki. Chakula huchukua saa kadhaa kufika utumbo mpana. Kinachotokea mara tu baada ya kula ni kwamba tumbo likijaa huupa utumbo mpana ishara ya kusogeza mzigo wa tangu jana, na katika utumbo wenye hamaki ishara hiyo hupokewa kwa pupa. Huenda mwenye hatia ni maharagwe ya usiku uliotangulia.

Nirejee sasa kwa mhudumu. Tuseme mteja anamwuliza, "Hamtii kitunguu katika mchuzi huu?" naye anajibu, "Ndiyo." Amekubali nini? Kwa Waswahili wengi "ndiyo" hiyo huafiki kauli nzima: ndiyo, hatutii. Kwa mtu aliyezoea Kiingereza cha shuleni, hujibu kitendo: ndiyo, tunatia. Watu wawili wanaachana kwa tabasamu, kila mmoja na maana yake, na tumbo ndilo litakaloamua nani alielewa vibaya. Swali la ukanushi lisitumiwe mezani hata kidogo.

Na huko kutaja "kitunguu" peke yake hakutoshi. Mpishi anaweza kuapa kwa ukweli kabisa kwamba hakutia kitunguu, akiwa na maana ya kitunguu maji, ilhali saumu ameitwanga na tangawizi na kumpaka samaki tangu asubuhi. Pilipili hoho nayo ni janga la kimsamiati: kamusi za zamani huieleza kuwa pilipili kali, na leo katika masoko yetu ni lile boga kubwa lisilowasha. Pojo za Mombasa ndizo ndengu za bara, na mgeni aliyekatazwa ndengu huagiza pojo kwa moyo mweupe. Na neno "kidogo", katika "pilipili kidogo", hupimwa kwa ulimi wa mpishi, wala si kwa utumbo wa mlaji.

Swali lililo bora ni lile lisiloweza kujibiwa kwa ndiyo wala la: "Kaka, mchuzi huu mnautia nini na nini?" Mhudumu atataja vitu kimoja kimoja, na asipojua atakwenda jikoni. Baada ya hapo yafaa kauli moja fupi isiyo na aibu wala maelezo ya msalani: "Tumbo langu halipatani na vitunguu, vya maji wala saumu." Kitenzi hicho, kutopatana, ni tasfida pia, lakini ni tasfida inayofanya kazi. Swali la tatu ndilo lenye manufaa zaidi, na ni wachache wanaoliuliza: "Ni kipi mnachokipika mtu akishaagiza?" Pilau ilitoka jikoni zamani katika sufuria kubwa na hakuna wa kuitoa kitunguu. Lakini yai, kiazi au samaki ambaye bado hajapakwa kitu anaweza kupikwa utakavyo, hata katika kibanda cha kawaida kabisa.

Nyumbani kwa mwenyeji jambo ni gumu zaidi, kwani mgeni huwezi kumhoji mama aliyeshinda jikoni kwa ajili yako. Hapa desturi ya sinia inamfaa mgonjwa kuliko sahani. Wanapokula watu wanne au watano pamoja, kila mtu hula mbele yake, na hakuna anayepima tonge za mwenzake. Mtu anaweza kumega wali uliokauka, akamwelekea samaki, akauacha mchuzi, na bado akawa amekula na watu. Akiombwa kuongeza, "Nimeshiba, mama, mikono yako ina baraka" humaliza shauri.

Kuna hali ambazo hazimo katika mjadala huu. Damu katika choo, homa, kupungua uzito, upungufu wa damu, kuamshwa usiku na tumbo, au dalili zinazoanza baada ya umri wa miaka 50, haya ni ya kupelekwa hospitali bila kukawia. Wala mtu asikubali kuitwa mgonjwa wa amiba kila mwaka na kupewa vidonge vilevile kabla ya choo kupimwa. Kinyume chake nacho ni kweli: baada ya ambukizo la tumbo, kama mtu mmoja katika kila kumi huachiwa utumbo wenye hamaki. Kwa hiyo usafi wa maji na mikono si jambo dogo kwa msafiri.

Safari yenyewe ina dhara lake. Wengi hushinda na njaa kutoka Nairobi wakiogopa kukosa choo, kisha basi likisimama Mtito Andei hula kwa fidia chipsi, soseji na kahawa kwa dakika ishirini. Hakuna mpango mbaya zaidi ya huo. Garimoshi la Madaraka, lililoanza kubeba abiria mwaka 2017, lina vyoo mabehewani, na kwa baadhi ya wagonjwa hilo pekee limetosha kuwarudisha pwani.

Wanaonitia huruma zaidi ni wanafunzi, maana ugonjwa huu huwapata vijana pia. Mwanafunzi aliye katika ziara ya Fort Jesus au magofu ya Gede hana uhuru wa kuchagua chakula wala wa kusimamisha basi. Akiomba ruhusa mara tatu huchekwa, na mara ya nne hukaa kimya akiteseka, na mwaka unaofuata mzazi huambiwa kwamba mtoto hapendi ziara. Mwalimu anayeongoza ziara anaweza kuliondoa hili kabla basi halijatoka langoni. Awaambie wanafunzi wote, bila kumtaja yeyote, kwamba mwenye haja ya kushuka atamgusa mwalimu begani na hataulizwa swali. Viti viwili vya mbele viachwe kwa wenye kuvihitaji. Na dereva aarifiwe mapema kwamba huenda akasimama Emali, Makindu au Kibwezi, hata kama ratiba yake inasema Mtito Andei.