Binti wa Hijabu, Msimu wa Kikapu na Barua Iliyolala Failini

Ndugu msomaji, ukurasa huu wa familia umezoea kuzungumzia malezi, ndoa, mirathi na elimu ya watoto wetu. Leo tunaomba ruhusa tuzungumzie mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani. Tunajua wapo watakaoguna. Tunawaomba wavute subira hadi mwisho, kwa kuwa habari hii inaanzia California na inaishia ndani ya faili la kamati ya msikiti wetu, faili ambalo sisi wenyewe ndio tulikabidhiwa kulitunza.

Mwanzo wake ulikuwa picha. Mwishoni mwa mwaka 2023 binti yetu, wakati huo akiwa na miaka 12, alitujia na simu ya shangazi yake mkononi. Katika picha alikuwamo mchezaji mwenye mpira, kichwa kimefunikwa vyema, mikono na miguu imesitiriwa chini ya jezi. Akauliza, "Baba, huyu ni Mwislamu kweli, au amevaa tu?" Tukamjibu kwamba ni Mwislamu, jina lake Diaba Konaté, Mfaransa anayesoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha California kilichopo mji wa Irvine, kusini mwa Los Angeles. Akauliza tena, "Anacheza lini?" Kwa swali hilo fupi nyumba yetu ikaingia ushabiki wa miezi minne.

Adabu ya kutazama

Kabla hatujaendelea, tuseme jambo ambalo msomaji mwenye kuchunga dini yake atakuwa ameshaliwaza. Wachezaji wengi wa mchezo huo si Waislamu, na mavazi yao si ya sitara. Mwanamume wa Kiislamu ameamrishwa kuinamisha macho yake, na amri hiyo haina likizo ya michezo. Kwa hiyo tulipanga mambo hivi: binti na mama yake walikaa mbele ya kioo, sisi tukakaa upande wa pili wa meza na daftari. Wao walitangaza, sisi tukaandika. Nani kafunga, nani kapokonya mpira, robo ya ngapi, tofauti ni pointi ngapi. Ushabiki wetu ulikuwa wa masikio na kalamu, nao haukupungukiwa na utamu. Wazee wetu waliolelewa na redio wanalijua hilo.

Msimu ulivyopangwa

Vyuo vikuu vya Marekani havichezi vyote katika ligi moja, kwani ni vingi mno. Vimejigawa katika jumuiya, na kila jumuiya ina ratiba yake, msimamo wake na bingwa wake. Jumuiya ya Irvine inaitwa Big West. Katika msimu huo wa 2023/24 ilikuwa na vyuo 11, kumi vya California na kimoja cha visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Kila timu ilipangiwa kucheza na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, hivyo michezo 20 ya jumuiya. Mwezi Machi hufuata mtoano, na anayeshinda mtoano huo ndiye anayepata tiketi ya moja kwa moja ya kuingia mashindano ya taifa yenye timu 68. Timu ndogo isiyo na jina kubwa haina njia nyingine ya uhakika. Yaweza kushinda majira yote ya baridi, kisha ikateleza jioni moja ya Machi na mwaka ukawa umekwisha.

Saa nazo zilikuwa na fumbo lake. California iko nyuma yetu kwa saa 11 wakati wa baridi. Mchezo ulioanza huko saa 1 jioni ulitufikia saa 12 asubuhi ya siku ya pili, baada ya swala ya alfajiri na kabla ya gari la shule. Mama mwenye nyumba alisema hajapata kuona mtoto anayeamka kuswali alfajiri bila kuitwa mara tatu. Michezo ya mchana wa huko ilituangukia usiku wa manane, na hiyo hatukuikesha. Tulisoma matokeo asubuhi juu ya chai.

Kitambaa kilipoacha kuwa habari

Timu ya Irvine hujiita kwa jina la mnyama mla mchwa, nasi nyumbani tukaiita Walamchwa tangu siku ya kwanza. Mwanzoni binti yetu alizungumzia hijabu tu. Je, haitafunguka? Je, haoni joto? Je, wenzake hawamcheki? Kila alipoanguka na kuinuka, swali lilikuwa juu ya kitambaa.

Kufikia Januari maswali yaligeuka. Konaté ni mchezeshaji, yule anayeupandisha mpira na kuamua uende kwa nani, na kazi yake kubwa nyingine ni kumkaba mchezeshaji wa upande wa pili. Binti yetu akaanza kuuliza kwa nini ametoa pasi kushoto ilhali kulia kulikuwa na mtu peke yake. Akaanza kulalamika kwamba mwamuzi ameonea. Akaanza kuwajua wenzake wa timu. Siku moja tulimwuliza makusudi, "Leo kavaa hijabu ya rangi gani?" Akatutazama kama aliyeulizwa jambo lisilo na maana, akajibu, "Sikuangalia."

Ndugu zangu wazazi, jibu hilo tuliliandika katika daftari pamoja na matokeo. Picha moja ya binti wa hijabu uwanjani ni ajabu. Msimu mzima ukimtazama, akishinda na kushindwa, akikosea na kusahihisha, ajabu inakwisha na kinachobaki ni mchezaji. Sitara yake haikumzuia kucheza, na mchezo haukumtaka aivue. Mambo hayo mawili yalikaa katika mwili mmoja kwa michezo mingi ya baridi na kipupwe bila kugombana.

Machi na mwezi wa Ramadhani

Hawaii walimaliza wakiwa juu ya msimamo, Walamchwa wakiwa nyuma yao. Mtoano ulifanyika Henderson, jimbo la Nevada, katika siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1445. Binti yetu aliuliza kama Konaté amefunga. Tukamweleza hukumu ya msafiri na ruhusa aliyopewa, kisha tukamwambia kwamba swaumu ya mtu ni baina yake na Mola wake, na shabiki hana kiti katika mazungumzo hayo.

Hawaii waling'oka kabla ya fainali. Tarehe 16 Machi 2024 Walamchwa waliwakuta UC Davis na kuwashinda kwa pointi 53 kwa 39. Mwenye kuujua mchezo huu atatambua maana ya kumzuia mpinzani asifike pointi 40 katika dakika 40. Hiyo ni kazi ya miguu na subira, wala si ya mbwembwe. Chuo hicho hakikuwa kimefika mashindano ya taifa tangu mwaka 1995. Wiki moja baadaye, huko Spokane, jimbo la Washington, wenyeji Gonzaga waliwatoa kwa 75 kwa 56, na msimu ukafungwa. Binti yetu alipiga mstari chini ya ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa rula, kama tunavyofanya sisi katika kumbukumbu za vikao.

Milango iliyofungwa

Baada ya futari moja ya mwezi huo, binti alitaka kujua kwa nini Mfaransa acheze mbali na kwao. Ikatubidi tueleze.

Tulianza na Bilqis Abdul-Qaadir, Mmarekani wa mji wa Springfield, mji ule ule ulikobuniwa mchezo wa kikapu mwaka 1891. Alipokuwa shule ya sekondari alifunga pointi 3,070 akiwa na hijabu, rekodi katika jimbo lote la Massachusetts. Akacheza chuo kikuu Memphis, kisha Indiana State, akiwa wa kwanza kuvaa hijabu katika daraja la juu la michezo ya vyuo nchini humo. Alipomaliza mwaka 2014 na kutaka kucheza kwa malipo ng'ambo, akakutana na kanuni ya Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, iliyokataza vazi la kichwa kama hilo. Mwaka huo huo timu ya wanawake ya Qatar iliondoka katika Michezo ya Asia huko Incheon, Korea Kusini, kuliko kuvua hijabu. FIBA walibadili kanuni mwaka 2017, nayo ikaanza kutumika Oktoba mwaka huo. Kwa Bilqis, miaka ya ujana wa mchezaji ilikuwa imeshapita.

Kisha Ufaransa. Konaté alipata kuvaa jezi ya timu za vijana za taifa lake. Mwishoni mwa mwaka 2022 shirikisho la kikapu la nchi hiyo liliweka kanuni ya kukataza vazi lolote lenye alama ya dini katika mashindano yake. Hata katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, wanamichezo wa Ufaransa walizuiwa hijabu ilhali wageni wao waliruhusiwa. Mgeni akaingia na kitambaa chake, mwenye nyumba akaambiwa auvue utambulisho wake mlangoni.

Tulieleza hayo kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu aonavyo dhuluma iliyo mbali. Binti yetu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Baba, na ile barua ya kina mama imefika wapi?"

Barua

Hapa ndipo tunapolazimika kusema ukweli unaotuhusu. Miezi mitano kabla, kina mama 14 wa msikiti wetu, mama yake binti huyu akiwa mmoja wao, waliandika barua kwa kamati. Waliomba uwanja ulio nyuma ya madrasa uachiwe wasichana alasiri mbili kwa wiki, wakifundishwa na mwanamke, kwa mavazi ya heshima. Wavulana walikuwa wakicheza soka katika uwanja huo kila siku, na hakuna aliyewahi kudaiwa barua.

Sisi ndio tulioipokea. Hatukuikataa, la hasha. Tuliiweka chini ya ajenda ya "Mengineyo". Kila katibu anajua "Mengineyo" ni nini: ni mahali ambapo jambo hupelekwa likafe bila kuuawa na mtu. Vikao viwili vilipita, tukazungumzia paa, bomba la maji na maandalizi ya tarawehe, adhana ya isha ikatukuta hatujafika huko. Tulikuwa tukiilaumu Paris kwa kanuni iliyoandikwa, na sisi tulikuwa tumefunga mlango bila hata kuandika kanuni.

Hatukuwa na jibu la kumpa mtoto. Tulimwambia, "Barua iko kwangu." Akasema, "Ahsante, Baba," akaenda kuosha vyombo.

Kikao cha Shawwal

Mwezi wa Shawwal barua iliwekwa ajenda ya tatu, na tuliomba mmoja wa kina mama aje aisome mwenyewe. Alisoma kwa utulivu. Mzee mmoja wetu, tunayemheshimu kwa elimu na umri, alipinga. Hofu yake ilikuwa kwamba mlango huu ukifunguliwa haufungiki. Leo uani, kesho hadharani kwa mavazi ya kubana. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwani ina msingi katika tunayoyaona.

Tulimjibu kwa adabu kwamba wasichana hawa tayari wanacheza, shuleni, mbele ya kila mpita njia, bila ukuta na bila mwalimu wa kike. Swali lililo mbele yetu ni wacheze katika mazingira ya nani. Tukakumbushana pia habari iliyopokewa kwa Bi. Aisha (RA), kwamba Mtume (SAW) alishindana naye mbio akiwa safarini, akashindwa naye, na baada ya muda wakashindana tena akamshinda. Mbora wa viumbe hakuona haya mkewe kukimbia; alichagua mahali na wakati, watu wakiwa wametangulia mbele.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema tuanze na alasiri moja, na ukuta upandishwe kwanza. Kamati ikakubali. Haikuwa yote waliyoomba. Matofali yalichangwa, mkanda wa chuma wa kapu ulichomelewa na fundi wa mtaani, na kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri hadi nusu saa kabla ya magharibi uwanja ni wa wasichana. Alasiri ya pili bado inadaiwa. Safari hii haimo katika "Mengineyo".

Kwa wazazi na wanakamati wenzetu tuna ombi moja. Fungueni mafaili yenu mtazame kilicholala humo kwa jina la binti zenu. Siku ya Kiyama hatutaulizwa juu ya kanuni za shirikisho la Ufaransa. Tutaulizwa juu ya amana tuliyokabidhiwa, na barua ni amana.

Daftari la msimu ule liko rafu moja na kitabu cha kumbukumbu za kamati. Jumamosi iliyopita binti yetu alirudi amechubuka goti, vumbi hadi kwenye kope, hijabu yake mahali pake. Tulimwuliza nani kashinda. Akasema wamefungwa, na kwamba pasi ya mwisho angeitoa kulia.

Wallahu a'lam.