Miji Pacha: Undugu ni Kufaana

Jina si kitambulisho tu. Jina hubeba dhana, nayo dhana huongoza matendo. Hebu tuyatazame majina ambayo mataifa mbalimbali yameupa uhusiano rasmi baina ya mji wa nchi moja na mji wa nchi nyingine. Waingereza na Wafaransa huiita miji ya aina hii miji pacha. Wamarekani huiita miji dada. Wachina, miji ya urafiki. Warusi, kwa upande wao, hutumia neno lenye maana ya ndugu wa kuchanjiana.

Sisi tumelifuata jina la Waingereza. Pacha, aghalabu, husifiwa kwa kufanana. Mathalani, Mombasa na Seattle ya Marekani, zilizounganishwa mwaka 1981, zote ni miji ya bandari. Lakini je, kufanana kwatosha? Wahenga walikwisha kutujibu: undugu ni kufaana, si kufanana.

Historia yawaunga mkono wahenga. Mnamo Novemba 1940, ndege za Ujerumani ziliuteketeza mji wa Coventry nchini Uingereza, pamoja na kanisa lake kuu. Miaka miwili baadaye, Stalingrad katika Muungano wa Kisovieti nayo ikageuzwa magofu. Wanawake zaidi ya 800 wa Coventry, ambao majeraha yao wenyewe yalikuwa hayajapona, walitariziwa majina yao kwenye kitambaa cha meza, kila mmoja akachanga peni sita, kikapelekwa Stalingrad. Miji hiyo ikafungamana rasmi mwaka 1944. Uhusiano huo haukuanzia katika dhifa ya wakubwa, bali katika vibeti vya akina mama.

Kwetu mambo huwa kinyume. Wakubwa husafiri, mkataba hutiwa sahihi, picha hupigwa, na mwananchi asijue kwamba mji wake una pacha. Na pale ambapo msaada hupatikana, upande mmoja hutoa na upande wa pili hupokea tu. Huo si undugu, ni ufadhili. Katika mila ya kuchanjiana, hakuna aliyechanjwa peke yake: damu ilitoka pande zote mbili.

Mombasa basi itoe nini? Walimu na wanafunzi wanalo jibu mikononi mwao. Bandari hiyo ina Kiswahili, lugha yenye fasihi ya karne kadhaa. Wanafunzi, ambao hufunzwa kuandika barua za kirafiki kwa rafiki wa kubuni, na wamwandikie mwenzao halisi wa Seattle. Wamfunze maamkizi na methali, naye awaeleze maisha ya kwao. Barua hizo, hata zikipitia mtandaoni, hazihitaji bajeti ya kaunti wala hotuba ya mgeni wa heshima.

Mkataba uliotiwa sahihi na wakubwa hufifia waondokapo madarakani. Utakaodumu ni ule ambao wananchi wenyewe wana mchango wao ndani yake.