Kwa Nini Rangi za Picha Hupishana?

Msomaji wa Siongiroi, au wa mahali pengine katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, bila shaka amepata kuona kalenda ya ukutani ambayo midomo ya mtu katika picha imetoka nje ya uso wake, au kitabu cha shule ambacho herufi zake zina kivuli chekundu upande huu na cha buluu upande ule. Watu husema kwamba wino umetambaa. Sivyo. Wino umekaa pale pale ulipowekwa. Kilichokosekana ni ulinganifu wa rangi.

Picha ya rangi haipigwi chapa mara moja. Hupigwa mara nne, kwa wino wa samawati, wa nyekundu iliyo karibu na zambarau, wa manjano, na mweusi. Na kila wino una bamba lake jembamba la alumini. Bamba lenyewe haligusi karatasi: huacha wino juu ya silinda iliyovikwa mpira, na mpira ndio uipao karatasi picha. Hata ule ukijani wa shamba la chai ni vitone vidogo vya rangi hizo vilivyopangwa karibu karibu. Katika kazi nyingi za vitabu na kalenda huwa na safu 60 za vitone katika sentimita moja, yaani kutoka kitone hadi kitone ni milimita 0.17 hivi. Basi bamba moja likihama milimita 0.1 tu, ukungu huanza kuonekana kando ya herufi na ya uso.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mtengenezaji wa mabamba yumo chumba kimoja, mwendesha mtambo yumo chumba kingine, na pengine kila mmoja ana kiwanda chake. Huyu husema mtambo ni mbovu. Yule husema mabamba ni mabovu. Karatasi elfu tano zilizoharibika hazina budi kulipwa na mtu, na shule au chama cha ushirika kilichoagiza kazi kingali kinangoja.

Fundi mwenye busara haanzi kwa kugeuza skrubu. Huchukua karatasi kama ishirini, zikifuatana kama zilivyotoka mtamboni, akatazama kwa kioo cha kukuzia alama ndogo za msalaba zilizo pembezoni. Kila bamba lina alama hizo, mahali pale pale. Rangi zikilingana, huonekana msalaba mmoja; zikipishana, huonekana miwili au mitatu.

Ikiwa kosa linabadilika karatasi kwa karatasi, mabamba hayana hatia: vishikio vya mtambo vimelegea au karatasi inaingia upande. Ikiwa kosa ni lile lile katika zote ishirini, mabamba yashukiwe, au namna yalivyofungwa. Misalaba ya upande mmoja ikipatana na ya upande wa pili ikaachana, yamkini bamba limefungwa mshazari, au limekazwa mno likavutika.

Lakini katikati ya picha pakiwa pazuri, na kosa likizidi kuelekea kandoni, karatasi yenyewe ndiyo ichunguzwe. Jambo hili huwasumbua sana wapiga chapa wa nchi za mvua. Karatasi ni nyuzi za miti, nazo hunywa unyevu wa hewa. Zikinywa hunenepa zaidi kuliko kurefuka, hata karatasi ikapanuka upande mmoja kuliko mwingine. Karatasi zilizofunguliwa na kuachwa wazi usiku kucha wakati wa masika hazitakuwa na kipimo cha jana. Kwa hiyo huachwa ndani ya vifungo vyake, katika chumba kile kile cha mtambo, mpaka zizoee joto lake.

Mabamba yakishukiwa, yapimwe yenyewe kabla ya kurudishwa mtamboni. Kila bamba lina matundu yanayoingia katika vijiti vya chuma. Hupimwa kutoka tunduni hadi msalabani, na mabamba yote manne yalinganishwe. Kipo na kipimo kingine kilicho bora, nacho hugharimu mabamba mawili tu: picha moja, ya rangi moja, itiwe katika mabamba mawili kwa kufuatana. Yakitofautiana, mashine haiyakalishi mabamba sawasawa. Hutazamwa vumbi na vipande vya alumini penye vijiti, na nguvu ya hewa inayolivuta bamba. Yakiwa sawa, lakini yakahitilafiana na rangi nyingine, kosa lichunguzwe katika maagizo yaliyotoka kwenye kompyuta, au katika filamu kwa wale wanaotumia filamu.

Joto nalo lisisahauliwe. Alumini ya urefu wa mita moja ikizidi joto kwa digrii 5 za Selsiasi hurefuka zaidi ya milimita 0.1. Ndiyo maana bamba lililotengenezwa upya alasiri yenye joto huweza kukataa kupatana na matatu yaliyotengenezwa alfajiri. Na mafundi wengine, ingawa ni gharama, huyatengeneza yote manne upya.

Liko kosa jingine ambalo alama za msalaba haziwezi kulionyesha, nalo ni picha isiyo yake kuwekwa mahali pazuri. Rangi zote zitalingana, na kazi itakuwa bure. Katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2022, karatasi za kura zilipigwa chapa Ugiriki. Tarehe 8 Agosti, siku moja kabla ya kupiga kura, ilitangazwa kwamba karatasi za ugavana za Kakamega na Mombasa zilikuwa na makosa katika picha za wagombea. Uchaguzi wa magavana hao uliahirishwa, na wapiga kura wa kaunti hizo mbili wakarudi vituoni tarehe 29 Agosti.