Babu anashindwa kuinuka barazani? Huenda si uzee tu, ni misuli

Jioni Mji Mkongwe, wazee hukaa kwenye baraza za mawe nje ya nyumba, kahawa mkononi. Adhana ya magharibi ikisikika, kila mtu anainuka. Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Mmoja anasimama mara moja. Mwingine anajaribu mara mbili, anashika bega la mjukuu, ndo ananyanyuka.

Watu husema, "Uzee huo." Kumbe hali hiyo ina jina na ina vipimo.

Sarkopenia ni nini?

Ni kupungua kwa nguvu na wingi wa misuli kadri umri unavyosonga. Jina lilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Irwin Rosenberg, mtaalamu wa lishe wa Marekani, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu. Mwaka 2016 Marekani iliipa namba yake katika orodha ya magonjwa.

Kila mtu hupoteza misuli kiasi akizeeka. Tatizo ni pale inapopungua hadi mtu anashindwa kupanda ngazi, kubeba ndoo au kuingia kwenye daladala.

Mizani haitoshi

Misuli ikipungua, mafuta yanaweza kuchukua nafasi yake. Bibi anabaki na kilo zilezile, hata mwili unaonekana mnene, lakini nguvu zimekwisha. Ndiyo maana siku hizi wataalamu huanza kupima nguvu kwanza, wingi wa misuli baadaye.

Vipimo vinavyotumika

*Kuinuka kitini.* Tumia kiti cha kawaida kisicho na mikono, kiegemee ukuta. Baraza nyingine ni fupi mno, zitakupa jibu la uongo. Mzee anakunja mikono kifuani, anasimama na kukaa mara 5 mfululizo. Simu yako ihesabu sekunde, na mtu asimame karibu yake asije akaanguka. Ikizidi sekunde 15, nguvu za miguu zina walakini.

*Kubana kwa kiganja.* Mzee anabana kifaa cha mkononi kwa nguvu zake zote. Kwa viwango vya wataalamu wa Ulaya vya mwaka 2018, chini ya kilo 27 kwa mwanamume au kilo 16 kwa mwanamke ni dalili ya udhaifu.

*Mwendo.* Pima mita 4, mzee atembee kama kawaida yake. Akitumia sekunde 5 au zaidi, hali inaweza kuwa imeshakuwa kubwa.

*Shavu la mguu.* Futi ya fundi cherehani inazungushwa sehemu nene zaidi. Wataalamu wa Asia hutilia shaka chini ya sentimita 34 kwa mwanamume na 33 kwa mwanamke.

Hospitali kubwa zenye mashine maalumu ya eksirei zinaweza kutenganisha mfupa, mafuta na misuli na kutoa jibu la uhakika.

Viwango hivi vimetokana na watu wa Ulaya na Asia, kwa hiyo vichukue kama taa ya tahadhari, si hukumu. Hapa Tanzania, watafiti waliowachunguza wazee wa miaka 60 na kuendelea wilayani Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kifupi cha udhaifu kinachofaa vijijini, bila mashine za gharama.

Huruma inayodhoofisha

Mzee akianza kulegea, familia humpenda zaidi. "Kaa tu bibi, tutakuletea." Maji analetewa, dukani haendi, ngazi hapandi. Nia ni njema, lakini misuli isiyotumika huisha haraka. Katika utafiti mmoja Marekani, wazee wenye afya waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu.

Misuli ikiisha, kinachofuata mara nyingi ni kuanguka. Mzee akivunjika nyonga analala tena wiki kadhaa, na wengine hawarudi kutembea kama zamani.

Inarudi?

Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walieleza jinsi wazee wa miaka 86 hadi 96 walivyofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Kwa wastani, nguvu za miguu zilipanda zaidi ya mara mbili.

Nyumbani, anza na kuinuka kitini mara chache asubuhi na jioni, ukiongeza taratibu. Akiweza kwenda msikitini, sokoni au kupokea pencheni jamii kwa miguu yake, mwache aende, wewe fuatana naye.

Chakula nacho kina kazi. Chai na boflo kila usiku havijengi misuli. Ongeza dagaa, samaki, mayai, maziwa, kunde au choroko. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza. Mazoezi yakileta kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mara moja.

Na angalizo moja: udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili si sarkopenia. Huo unaweza kuwa kiharusi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Kwa hiyo leo jioni, babu akitaka kuinuka barazani, usimvute mkono haraka. Mpe nafasi ajaribu mwenyewe, wewe simama karibu.